Mgonjwa anapoukataa mwili wake: mwongozo kamili wa kumuuguza hatua kwa hatua

Siku ya tatu baada ya kukatwa mguu chini ya goti, kijana mmoja niliyemhudumia alijifunika shuka mpaka kifuani. Upande wa kulia, pale mguu ulipokuwa, alikuwa amekunja blanketi na kulisukuma chini ya shuka ili kitanda kionekane kina miguu miwili. Nilipita, nikapima presha na joto, nikaona bendeji kavu, nikaandika kwenye faili "anaendelea vizuri". Jioni mama yake akanivuta pembeni: "Sista, huyu hajala tangu juzi. Na rafiki zake wamekuja mara mbili, amewafukuza." Blanketi lile nilikuwa nimeliona kwa macho yangu asubuhi. Nilishughulika na kidonda, mwenye kidonda nikamwacha.

Haya ninayoyaandika ni kwa muuguzi mwenzangu anayemhudumia mtu ambaye mwili wake umebadilika: aliyekatwa kiungo au titi, aliyewekewa stoma (tundu la tumboni la kutolea kinyesi au mkojo), aliyeungua, aliyenyonyoka nywele kwa tibakemikali (dawa kali za saratani), aliyepooza upande mmoja wa uso, aliyevimba uso kwa sababu ya dawa ya steroidi iitwayo prednisolone, mwenye ugonjwa wa ngozi unaoonekana na kila mtu. Ninaloamini baada ya miaka kazini ni kwamba mgonjwa wa namna hii harudishiwi thamani yake kwa kusifiwa. Huirudisha mwenyewe, kidogo kidogo, kwa mambo anayoyafanya kwa mikono yake akiwa na mwili huo huo, na sisi kazi yetu ni kumwandalia njia.

Kwanza, jua unauguza nini

Taswira ya mwili ni picha ambayo mtu anayo kichwani kuhusu mwili wake: unavyoonekana, unavyohisi, unavyofanya kazi, na anavyodhani wengine wanauona. Daktari wa akili Paul Schilder aliieleza kwa kina mwaka 1935, akionyesha kuwa picha hiyo hujengwa pia na watu wanaotuzunguka. Kujithamini ni jambo jingine, ingawa yako jirani: ni hukumu ambayo mtu hujitolea juu ya thamani yake nzima. Mtu anaweza kulichukia kovu lake na bado akajijua kuwa ni baba, ni fundi, ni mtu wa watu. Mwingine ana alama ndogo kama ukucha shavuni na amejifungia ndani miezi.

Kwa hiyo usipime maumivu ya mgonjwa kwa ukubwa wa badiliko unaloliona wewe. Kosa hili tunalifanya sana, hasa wodi ikiwa na wagonjwa mahututi, tukimwona mwenye "kakovu tu" kuwa anadeka.

Muuguzi Bob Price wa Uingereza alitoa mwaka 1990 mgawanyo unaonisaidia mpaka leo. Kuna mwili halisi, yaani ulivyo sasa. Kuna mwili ambao mtu anautamani au anaamini ndio unaofaa. Kuna na mwili anaouonyesha kwa watu: mavazi, mwendo, anavyokaa, anavyojifunika. Ugonjwa ukiubadilisha wa kwanza kwa ghafla, ile miwili inabaki imening'inia. Ukishindwa kujua pa kuanzia, jiulize ni upi kati ya hiyo mitatu unaomuumiza mgonjwa huyu zaidi. Anayelalamika harufu ana shida kwenye mwili halisi. Anayesema "mwanamke asiye na titi ni mwanamke gani" ana shida kwenye ule wa pili. Asiyetoka nje ya pazia, kwenye ule wa tatu.

Hatua ya 1: Tathmini kwa macho kabla ya maswali

Wakati wa kubadilisha bendeji, angalia anatazama wapi. Anageukia ukutani? Anafumba macho? Anaita sehemu ile "hicho kitu"? Anaoga nani akimsaidia, na anajifunika nini hata kukiwa na joto? Amekataa wageni? Amekataa kupigwa picha na mtoto wake? Mtazame pia anayecheka kupita kiasi na kusema "niko fiti kabisa" kabla hujauliza. Huyo mara nyingi hupita mikononi mwetu bila kuguswa.

Kisha kaa chini. Kukaa kuna maana kubwa, kwa sababu muuguzi aliyesimama huonekana anaondoka. Maswali machache yanatosha:

- Tangu upasuaji, ni kitu gani kimekuwa kigumu zaidi kwako?
- Unapoufikiria mwili wako sasa, ni neno gani linakujia?
- Kuna kitu ulikuwa unakifanya ambacho unaona hutaweza tena?
- Nani unamwogopa akuone hivi?

Swali la mwisho ndilo linalofungua mlango mara nyingi. Jibu likija, liandike kwa maneno yake mwenyewe, usiligeuze kuwa lugha ya kitabibu.

Ukihitaji kipimo, kipo cha mwanasosholojia Morris Rosenberg cha mwaka 1965 chenye sentensi 10 kuhusu kujithamini. Kwa mtindo wa alama 0 hadi 30, walio chini ya 15 kwa kawaida huhesabiwa kuwa na kujithamini kudogo. Mimi hukitumia kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, leo na baada ya wiki kadhaa, wala si kumbandika jina. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kuu, ipime kando. Dodoso la PHQ-9 lina maswali 9 na alama 0 hadi 27, na kuanzia 10 mgonjwa anahitaji kutathminiwa zaidi. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri hushughulikiwa siku hiyo hiyo.

Na uulize waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, uliza kama ana mpango na njia, usimwache peke yake, ondoa karibu naye vitu vya hatari, mwite daktari, na hakikisha zamu inayofuata inajua kwa mdomo na kwa maandishi.

Hatua ya 2: Andika utambuzi wa kiuguzi unaoweza kufanyiwa kazi

NANDA International, shirika linaloorodhesha aina za utambuzi wa kiuguzi, inatenganisha taswira ya mwili iliyovurugika na kujithamini kudogo, na ndani ya hilo la pili inatofautisha kulikoletwa na tukio na kule kwa muda mrefu. Tofauti hiyo inabadilisha mpango. Mtu aliyejipenda maisha yake yote na kuanguka baada ya upasuaji ana akiba ya kurudia. Aliyedharauliwa tangu utotoni, kisha akaungua, anahitaji mtaalamu wa saikolojia mapema, usisubiri.

Andika tatizo, chanzo na ushahidi: *Taswira ya mwili iliyovurugika kutokana na kukatwa mguu wa kulia chini ya goti, inayoonekana kwa kukataa kutazama sehemu iliyokatwa, kuificha kwa blanketi, na kauli "sitaki mtu anione".*

Malengo yawe ya kuonekana kwa macho. "Mgonjwa atakubali mwili wake" halipimiki, na ni kumwekea mtu mzigo wa miaka ndani ya wiki moja. Andika: "Ndani ya siku 3 atatazama sehemu iliyokatwa kwa muda atakaouchagua mwenyewe", "Kabla ya kuruhusiwa atafunga bendeji mwenyewe mara 2 akisimamiwa", "Atampokea mgeni mmoja anayemtaka".

Hatua ya 3: Shughulikia maumivu, harufu na uvujaji kabla ya hisia

Hakuna maneno yatakayomfikia mtu ambaye mfuko wake wa stoma umevuja mara mbili usiku. Kata tundu la bamba linaloshikiza mfuko kwenye ngozi likiwa pana kuliko stoma kwa milimita 2 hadi 3 tu, kausha ngozi vizuri, na mfundishe kumwaga mfuko ukijaa theluthi hadi nusu. Stoma hupungua ukubwa katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo, kwa hiyo pima upya; tundu lililofaa wodini litaanza kuvujisha nyumbani, na mgonjwa atajilaumu kuwa ndiye mchafu.

Dawa ya maumivu ya kumeza mpe dakika 30 hadi 60 kabla ya kufungua kidonda. Mtu anayeuona mwili wake mpya huku anaumia ataikumbuka sura ile pamoja na maumivu yake.

Aliyekatwa kiungo mweleze mapema kwamba anaweza kuendelea kuhisi vidole ambavyo havipo, vikimwasha au vikimuuma. Wapo wanaonyamaza siku nyingi wakidhani wameanza kurukwa na akili. Mwambie ni jambo la kawaida, ni kazi ya neva na ubongo, na lina matibabu: dawa, na kwa baadhi yao mazoezi ya kioo aliyoyaeleza mtafiti wa ubongo V. S. Ramachandran miaka ya 1990, ambapo mgonjwa huutazama mguu mzima ukijongea ndani ya kioo kana kwamba ni ule uliokatwa.

Hatua ya 4: Mara ya kwanza kutazama

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu dakika hizi 10 zinaweza kubeba au kuvunja kila kitu.

Jiandae wewe kwanza. Kama hujawahi kukiona kidonda hicho, kione kwanza siku ambayo mgonjwa hatazami, ukiwa na mwenzako, ili uso wako usishtuke mbele yake. Barakoa hufunika mdomo tu. Mgonjwa anasoma macho yako, nyusi zako, na jinsi ulivyorudi nyuma nusu hatua bila kujua. Kama harufu ni kali, ijue kabla hujainama.

Mwachie maamuzi yote yanayowezekana. Atazame leo au kesho? Nani awepo? Aanze kwa kugusa juu ya bendeji, au umweleze kwanza kwa maneno, au atumie kioo kidogo cha mkononi anachoweza kukigeuza mwenyewe? Mtu aliyepoteza kiungo hakuulizwa mambo mengi. Hapa aulizwe.

Mweleze atakachokiona, kwa rangi na maumbo, bila kupaka sukari: "Utaona mshono mrefu unaopita kifuani, una uzi mweusi. Pembeni pamevimba na pana rangi ya zambarau. Uvimbe utashuka. Kovu litabaki." Kwa stoma: "Ni nyekundu na ina unyevu, kama ndani ya shavu lako. Ukiigusa hutasikia maumivu." Ikiwa ya buluu iliyokolea au nyeusi, hiyo ni dharura ya kumwita daktari, na hayo hayasubiri somo.

Vuta pazia lifunge kweli. Mwegemeze aketi, washa taa ya kutosha, ondoa trei yenye shashi zilizolowa damu asiione ikadhaniwa ni sehemu ya mwili wake. Fungua taratibu. Kisha nyamaza.

Kunyamaza huku ndiko kugumu. Tuna hamu ya kujaza: "Unaona, si mbaya!" Usiseme. Kwake ni mbaya, na ukimkatalia hilo amebaki peke yake. Akilia, kaa. Mkono wako ukibaki pale pale kwenye ngozi yake, karibu na kovu, bila kukimbia, umemwambia mengi. Akigeuza uso baada ya sekunde mbili, funika, mwambie: "Umetazama. Kwa leo inatosha." Kesho huenda akatazama sekunde kumi.

Usimlazimishe, wala usifiche vioo vyote kwa siri ukidhani unamlinda. Atakutana na sura yake kwenye dirisha usiku, akiwa peke yake. Baada ya kufunika, baki naye dakika tano, na urudi tena kabla zamu yako haijaisha, kwa sababu mambo mengi humjia mtu saa mbili baadaye.

Hatua ya 5: Chunga ulimi, wako na wa wodi nzima

"Utazoea." "Mshukuru Mungu uko hai." "Yule wa jirani ana hali mbaya kuliko wewe." Tunayasema kwa nia njema, na kila moja linamfunga mtu mdomo. Badala yake: "Naona ni vigumu." "Niambie zaidi." Au usiseme kitu.

Sifa za jumla hazimsaidii mwenye kujithamini kudogo. Hazimwingii, na anaona unamhurumia. "Umependeza leo" ataikataa moyoni. "Jana nilikushika mkono kufika mlangoni, leo umefika mwenyewe" hawezi kuikataa, kwa sababu imetokea. Akisema "mimi sasa ni mzigo", usibishane naye kuwa si mzigo. Muulize leo alifanya nini bila kusaidiwa. Mwache ajibu.

Wakati wa kukabidhi zamu, acheni kusema "yule mguu wa kitanda cha 6". Mapazia ni ya kitambaa, na wagonjwa wanasikia.

Hatua ya 6: Kazi irudi mikononi mwake

Gawa huduma vipande vidogo. Siku ya kwanza ashike mfuko mpya tu wakati wewe unasafisha. Siku inayofuata aumwage. Kisha asafishe ngozi. Kisha abadilishe wote wewe ukiwa umeweka mikono nyuma. Atakosea, utavuja, mtabadilisha shuka pamoja. Ukimnyang'anya kazi kwa sababu unafanya haraka zaidi, umemfundisha kuwa hawezi.

Mavazi yake mwenyewe nayo ni tiba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa upasuaji Archibald McIndoe aliwatibu marubani walioungua nyuso huko East Grinstead, Uingereza. Aliwaruhusu wavae sare zao au nguo zao badala ya sare ya buluu ya wagonjwa, na akawaomba watu wa mji ule wawakaribishe bila kuwakodolea macho. Mwaka 1941 wagonjwa wale waliunda chama chao. Huhitaji kuwa McIndoe kumruhusu mgonjwa avue gauni la hospitali na kuvaa shati lake.

Mengine hutegemea hali ya mtu. Nywele huanza kunyonyoka kama wiki 2 hadi 3 baada ya kuanza tibakemikali. Wapo wanaopata nafuu wakizikata mapema kwa uamuzi wao, kuliko kuziokota kwenye mto. Nyusi na kope nazo zinaweza kwenda, mwambie kabla. Aliyekatwa titi anaweza kuvaa titi bandia jepesi la kitambaa mwanzoni, na lile zito la silikoni baada ya kidonda kupona, mara nyingi wiki 6 hadi 8. Makovu ya moto huendelea kubadilika hata mwaka mmoja hadi miwili, na vazi la kubana huvaliwa takriban saa 23 kwa siku. Mweleze kovu la leo si kovu la mwisho. Na anayevimba uso kwa prednisolone aambiwe kwa mkazo asiiache ghafla. Mwili unaweza kukosa homoni yake ya asili na akazidiwa vibaya. Uso hupungua dozi inaposhushwa na daktari.

Hatua ya 7: Familia na unyumba

Mwandae mwenzi kabla hajaona, nje ya wodi, kwa maneno yale yale uliyomwambia mgonjwa, ukiwa na ridhaa ya mgonjwa. Uso wa mume au mke kwa mara ya kwanza hukumbukwa maisha yote.

Kuhusu tendo la ndoa, wagonjwa hungoja tuanze, nasi tunangoja waanze. Mfumo wa ngazi nne wa mwanasaikolojia Jack Annon wa mwaka 1976 unaanza na kutoa ruhusa tu ya kulizungumza, kisha taarifa chache, na hizo mbili kila muuguzi anaziweza: "Wengi wenye hali kama yako hujiuliza kuhusu tendo la ndoa. Ukitaka tuzungumze, leo au siku nyingine, nipo." Mwenye stoma amwage mfuko kabla, na anaweza kuufunika kwa kitambaa au mshipi. Baada ya upasuaji wa njia ya haja kubwa mwanamume anaweza kukosa nguvu kwa sababu neva zimeguswa. Aambiwe hilo ni jeraha na lina wataalamu wake, si hukumu juu ya uanaume wake. Ushauri wa kina na tiba, ngazi mbili za juu, wapelekee wenye ujuzi huo.

Hatua ya 8: Mlango wa nje

Watu watauliza na watoto watanyoosha vidole. Mfanyie mazoezi angali wodini. Awe na jibu fupi la kweli ("niliungua, nimepona"), jibu la kugeuza mazungumzo, na jibu la kufunga ("sipendi kulizungumzia"). Ajizoeze kuyasema kwa sauti, wewe ukiwa mtu wa kumsumbua. Halafu matembezi: mpaka mlangoni, korido, bustani, mahali penye watu, kila siku mbele kidogo.

Kumkutanisha na mtu aliyepitia hali kama yake kunafanya kile ambacho mimi na wewe hatuwezi. Chagua anayekaribiana naye umri na jinsia, aliyetulia, na uombe ridhaa ya wote wawili. Yule kijana wa blanketi alikuja kutembelewa na fundi aliyekatwa mguu miaka mingi nyuma. Walizungumza habari za mpira zaidi ya nusu saa. Kisha kijana akauliza, "Ukipanda ngazi unaanza na upi?"

Wasiofaa kuwekwa kwenye mpango huu pekee

Mwenye anoreksia (ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa), na yule anayesumbuliwa na kasoro ambayo wengine hawaioni au ni ndogo mno, wana ugonjwa unaohitaji timu ya afya ya akili. Usibishane nao kuhusu uzito, wala kuwahakikishia mara kwa mara kuwa wanaonekana vizuri. Utulivu hudumu dakika chache na swali hurudi. Endelea kuwa na heshima, fuatilia hali ya mwili, na wapeleke kwa wataalamu mapema.

Kupima na kufuatilia

Rudi kwenye malengo kila baada ya siku chache na uandike ulichokiona: ametazama, amegusa, amefunga mwenyewe, amempokea nani. Kama wiki 2 zimepita na hajasogea hata kidogo, au halali usingizi, hali chakula, anazidi kujitenga, omba mshauri nasaha au mtaalamu wa saikolojia, na umweleze mgonjwa kwa nini.

Siku ya kuruhusiwa mpe tarehe ya kliniki, namba ya kupiga, na vifaa vya kumfikisha hadi tarehe hiyo. Wiki za mwanzo nyumbani mara nyingi ndizo ngumu zaidi, pale wageni wanapopungua na kioo cha bafuni kinabaki. Akirudi kliniki, kabla ya kufungua bendeji, muulize ametoka nyumbani mara ngapi tangu mlipoachana, na alikwenda wapi.